Mzigo wa Delbert

Chini ya mlima, mume wangu Delbert alisimamisha basi letu tunaloishi ndani yake, akaniamuru nikifungue kigari changu tulichokuwa tunakivuta.

"Kinaninywea dizeli kama mlevi! Kiendeshe mwenyewe, unifuate. Na kila kizito kitoke humu, hadi masufuria yako."

Nilichomoa pini, mikono ikajaa grisi. Nikahamisha masufuria, maji, mbwa.

Katikati ya mlima redio ya mkononi tunayoongelea gari kwa gari ikakoroma. "Umeona, bibie? Dizeli hailiki! Kumbe mzigo ulikuwa wewe."

"Hongera, baba."

"Ulitoa vyote?"

"Vyote. Hata magongo yako."

Tangu akatwe mguu wa kushoto, Delbert huendesha basi hilo lisilo na klachi kwa mguu mmoja, lakini hafiki hata mlangoni bila magongo.

Taa zake za breki zikawaka. Basi lile haligeuki mlimani. Kigari changu kinageuka popote.