Sauti Hafifu

"Haloo? Haloo?" Mwanaidi alisikiliza kidogo, kisha akakata. "Namba ile ile, na hasemi kitu. Watu wengine hawana kazi!"

Kombo aliacha kukunja nyaya zake. Ndiye fundi aliyekuja asubuhi kurekebisha simu za intaneti katika chumba hicho cha kupokea simu za dharura. Mtandao ulikuwa umeelemewa, kwa hiyo alizibana sauti za simu zichukue nafasi ndogo, kisha akauamuru mfumo utupe kila kilicho hafifu, ukihesabu kuwa ni kimya.

Hata mtu anayenong'ona angehesabiwa kimya.

"Dada, akipiga tena usikate," alisema. Akafungua mipangilio, akaliondoa agizo lake, akahifadhi.

Simu iliita. Namba ile ile.

Safari hii laini ilikuwa safi mno. Walisikia bomba likidondosha maji. Walisikia fagio likikusanya vipande vya kioo sakafuni, taratibu, bila haraka yoyote. Mnong'ono ambao Kombo alitarajia kuusikia haukuwapo.

"Haloo?" Mwanaidi aliita. "Uliyepiga, uko hapo?"

Fagio likatulia.