Honi na Mstaarabu

Kinyozi aliingia chumba cha picha na pacha mmoja kifuani, mwingine mgongoni, na begani nepi aliyodhani ni taulo lake la kazini.

"Mgonjwa yupi?" aliuliza dada wa ultrasaundi.

"Huyu mpiga kelele. Tunamwita Honi. Mgonjwa hasa ni baba yake, ila leo zamu ni ya mtoto."

Honi alikuwa halali wala halazi. Daktari aliposimuliwa vilio hivyo, akasikia pia kwamba mama yao aliugua homa akiwa mjamzito, alihofia maambukizi yamefika kwenye ubongo wa mtoto. Tangu siku hiyo kinyozi alinyoa akili ikiwa kwa Honi, akiacha mapengo vichwani hata wateja wakaanza kumkimbia. Mstaarabu, pacha wa pili, hakutajwa kabisa. Nani ampeleke hospitali mtoto asiyesumbua?

Kinyozi alimlaza Mstaarabu pembeni, akamshika Honi. Dada akapaka jeli kwenye utosi, pale pasipokomaa bado, akapitisha kifaa taratibu.

"Natafuta vidoa vyeupe, kando ya hivi vyumba vya maji ndani ya ubongo. Nikiviona, si habari njema; maambukizi hayo huweza kuua hata masikio."

"Kinyozi hajinyoi, dada. Vichwa vya mtaa mzima navishika bila woga, hiki cha kwangu kinanitoa jasho."

Akainama achungulie kioo cha mashine, na kiwiko chake kikakumba trei ya chuma. Ilianguka kwa kishindo. Honi aliruka, akalia hadi akakaukiwa na sauti. Mstaarabu hata kope hakupepesa.

"Umemwona? Huyo kamfuata mama yake. Wa kushtuka ovyo ni mimi na Honi."

Hatimaye dada akafuta jeli. "Kichwa safi. Huyu hana ugonjwa, ana mapafu tu."

Kinyozi akacheka, akalia, akajifuta machozi kwa nepi ile ile.

"Basi mpige picha Mstaarabu pia, nikamwonyeshe mama yao ubongo wenye akili ulivyo. Wa kwangu anaujua."

Dada naye akacheka, akapaka jeli kwenye utosi wa pili. Kicheko kikamwisha. Alisogeza kifaa, akakirudisha, macho yakiwa kando ya vyumba vya maji. Kisha akaokota trei na kuiangusha tena, makusudi.

Honi akapiga ukelele. Mstaarabu akaendelea kulala.