Sauti ya Njia ya Shengena

Siku hizi kila njia ya mlimani hutangaza hali yake redioni asubuhi, kwa sauti ya mtu wa mwisho kuipita. Tangu kipupwe kianze, njia ya mgongoni mwa mlima Shengena ilisema kwa sauti ya marehemu Senkondo, na mkewe Naghenjwa alikoroga uji huku akimsikiliza.

"Ukungu ni mzito. Penye mporomoko jiwe limelegea, msilikanyage."

Jiwe hilo ndilo lililomtupa korongoni, na mwili haukuonekana. Majirani, kwa kumhurumia mjane, walikubali kuzunguka bondeni ili sauti ile isifutike. Lakini shemeji yake, Kallage, alikuja na kamba begani.

"Shemeji, kaka yangu hawezi kuachwa kule kama mnyama. Nakwenda kumtafuta."

"Ukipita wewe, mimi nitamsikia wapi tena?"

Kallage aliiweka sawa kamba begani, akaondoka.

Kesho yake Naghenjwa aliwasha redio.

"Ukungu ni mzito," ikasema sauti ya Kallage. "Penye mporomoko, lile jiwe halipo tena."

Katika nyumba ya jirani, mke wa Kallage, aliyekesha akimsubiri mumewe, aliongeza sauti ya redio.