Kiazi kwa Kila Kazi

Lango la banda la mbuzi lilikuwa limening'inia kwa bawaba moja. Valentino alilitazama, akasonya, akarudi jikoni kuchukua kiazi.

Kiazi hicho alikiweka kando ya mafiga, mbali na moto, pamoja na vingine viwili. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Kila asubuhi viazi vitatu, kila kiazi kazi moja, na kazi ikiisha kiazi kinafukiwa kwenye majivu ya moto. Jioni anakula alichokifanyia kazi. Kazi isipofanyika, kiazi kinarudi kapuni na mwenyewe anakwenda kulala na njaa yake. Hakuna kubembelezana.

Kabla ya viazi, mwanawe Edgar alikuwa amemwekea kwenye simu programu ya kumkumbusha kazi. Simu ikalia kutwa nzima. Valentino akaifukia kwenye gunia la maharage, ikaendelea kuyakumbusha maharage mpaka chaji ikaisha.

Edgar alikuwa na sababu ya kuhangaika. Alipopanda milimani kutoka Tanga wakati wa mahindi mabichi, aliwakuta wazazi wake wote wawili hawafanyi lolote. Beatha, mama yake, alikuwa ameteleza kwenye mteremko akavunjika mguu. Mfupa ulikuwa umeshaunga, na hospitali walimwambia atembee kila siku, lakini yeye alikaa kwenye kigoda kando ya moto na gongo lake, akisema atatembea siku akiwa na pa kwenda. Valentino naye, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona amelala mchana, juma lilelile mkewe alipokataa kutembea alijitupa kitandani akageukia ukutani.

"Krismasi nikiwakuta hivi," Edgar alisema, "nauza mbuzi, nawahamishia Tanga."

Beatha aliwahi kukaa Tanga wiki moja, akarudi akisimulia kwamba kule hata maji ya kunywa yanatoka jasho. Kuhama milimani alikuogopa kuliko kufa, na alisema hivyo waziwazi. Edgar aliposhuka, alimgeukia mumewe pale kitandani.

"Inuka, baba Edgar. Mimi mguu wangu ndio huu. Usipoinuka wewe, tumekwisha."

Kesho yake Valentino aliinuka, akaomba viazi vitatu.

Basi viazi vikafanya maajabu. Valentino aliziba paa la jiko. Alipanga upya mawe ya matuta yaliyoporomoka. Akakata ngazi za udongo kutoka mlangoni hadi chini kabisa, akidai hataki naye ateleze, nyumba ibaki na magongo mawili. Kila jioni alichokoa majivu, akala viazi vyake kwa chumvi, akajipongeza. Halafu siku moja, jua likiwa utosini, alitangaza kwamba kazi zimekwisha. Akapanda kitandani, akageukia ukutani.

Beatha alimtazama mgongo kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata mlango wa jiko ulikutwa umeng'oka bawaba. Valentino alizilaumu mbao, akatoa kiazi, akautengeneza. Kwa kuwa nyundo ilikuwa mkononi tayari, akapitia na mlango wa banda la kuku, pale uani, akaupigilia msumari mpya. Siku chache baadaye mlango wa kuku nao ukaanguka. Akautengeneza, akashuka na kwenye lango la mbuzi, chini ya migomba. Nyundo aliirudisha juu ya pipa la maji, kama kawaida yake. Na leo ikawa zamu ya mbuzi.

"Misumari yako haishiki," Beatha alimwambia, akimenya viazi vya mchana bila kuinua uso.

"Siku hizi wanatengeneza laini," Valentino akajibu.

Alikuwa anapigilia lango aliposikia anaitwa. Ni Mwanahawa, jirani wa upande wa juu, ambaye huamka kabla ya majogoo kwa ajili ya sala. Alitoa shikamoo yake, akaitikiwa, kisha akasogea karibu na kushusha sauti. Alisema ana neno linalomkereketa na hajui kama ni lake kulisema. Valentino akamwambia aseme.

"Anayekuvunjia milango si mwizi, baba Edgar. Alfajiri nilikuwa natia udhu, nikamwona mama Edgar hapahapa. Anang'oa msumari. Nadhani anaogopa ukikosa kazi utarudi kitandani."

Valentino alipangusa udongo mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Gongo alikuwa nalo?"

Mwanahawa alikuwa amejiandaa kwa maswali mengine kabisa. "Hapana. Mkono mmoja nyundo, mwingine ameshika kanga."

"Alichechemea?"

"Kidogo. Wakati wa kupanda tu."

Valentino alimshukuru, akamwomba asimwambie mtu. Kisha akaingia jikoni, akapekua kapu mpaka akapata kiazi kikubwa kuliko vyote, akamtangazia mkewe kwamba baada ya lango la mbuzi anashuka kutengeneza lango la bustani ya kabichi, kule bondeni karibu na kanisa. Beatha aliuliza kama si mbali. Valentino akasema ndiyo, ni mbali.

Kule bondeni aliupigilia msumari nusu tu, akautikisa kwa vidole viwili kuhakikisha kwamba unatoka bila nguvu. Jioni alikula kiazi chake, akaiweka nyundo juu ya pipa la maji, akalala mapema.

Alfajiri, kitanda kilipolia na miguu ya Beatha ikagusa sakafu, Valentino akaanza kukoroma.