Ng'ombe Winguni

Ng'ombe wa tatu aligoma kupanda winguni. Alifika nusu ya safari akakwama, kichwa kikiwa juu na makalio bado yamo ndani ya simu ya Kipkirui.

"Nilikwambia," alisema Mastura, mwenye saiba, duka hilo la intaneti, bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Hiyo wingu yako ya bure ya kuweka picha mtandaoni imejaa. Umeijaza mabao ya mpira na video za watu wakianguka harusini."

Saiba yenyewe ilikuwa ghorofa ya kwanza katikati ya mji wa Nakuru, na Mastura hakuwa na adabu za biashara. Mteja akiwa mjinga, aliambiwa. Kipkirui alivumilia kwa sababu maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mzee Kiprugut wa Keringet, babake Chepkurui, alikuwa ametangaza kwamba hamtoi binti yake kwa mtu ambaye ng'ombe wake yeye mzee hajawaona. Kwa kuwa mguu ulikuwa umemkatalia safari, angekubali picha. Asiporidhika kabla ya Jumamosi, wazee wa posa wasijisumbue kuja.

Kipkirui mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga Keringet. Mila haikumruhusu kuonekana huko kabla ya wazee wake kutangulia. Lakini alimpenda Chepkurui mpaka chapati zikawa hazina ladha, na Jumamosi ilikuwa inamnyima usingizi.

"Nilikuwa nimetuma hizi picha kwa group ya wazee ya WhatsApp," alieleza. "Zikafika zimefinywa. Mzee anasema ni kama kuangalia ng'ombe kupitia blanketi."

Chepkurui alikuwa ameziona hizo hizo zilizofinywa, akasema zinapendeza, zinafanana na za kwao. Kipkirui alikuwa akiitembeza sifa hiyo mjini tangu siku hiyo.

Mastura akavuta kiti. "Sikiza, boss. Kuna hii wingu ingine, bure kabisa. Lakini inapunguza picha, ng'ombe atafika kama amekonda. Halafu kuna hii ya kulipia kila mwezi, bei ya soda tu. Hapa picha inakaa vile ilipigwa. Unamtumia mzee link, anafungua, anavuta karibu mpaka anaona kupe. Na simu yako ikikufa, picha ziko."

Simu ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na ilichemka ukiishika. Ilikuwa inaelekea kuzimu, na mmiliki wake alijua.

"Kama ni mimi," Mastura aliendelea, "ningechukua ya bure. Mzee wa umri huo anataka kuona nini?"

Kipkirui alikasirika kidogo. "Rahisi ni ghali, mathe. Huyo ni mkwe. Nataka aone kila kitu."

Akalipia. Ng'ombe wa tatu akapanda mzima mzima, mkia ukamalizia, na wenzake wakamfuata bila fujo.

"Haya, picha tuzipatie majina," Mastura alisema. "Huyu ni nani?"

"Andika tu Ng'ombe Moja, Ng'ombe Mbili."

Mastura akamtazama juu ya miwani. "Nyinyi si ndio watu wa ng'ombe? Hata paka yangu iko na jina. Na ulisema ni za kwenu Kabazi; hii ni Kabazi gani iko na ukungu hivi? Dada yangu ameolewa huko, mimi najua jua lake."

"Ilikuwa asubuhi sana. Ziko kwa mathe wangu, mamangu mzazi."

"Na mbona wewe hauko kwa picha hata moja?"

"Ni Elphas alipiga. Beshte yangu wa karibu, daktari wa ng'ombe. Anazunguka mashamba yote akidunga sindano, anajua vile ng'ombe husimamishwa."

Mastura akaguna, akatuma link. Wakangoja. Kipkirui aliuma kucha, akamaliza za mkono mmoja, akahamia mwingine. Aliwaza vile Chepkurui hucheka akifunika mdomo, akawaza kicheko hicho kikienda kwa mwanamume mwingine mwenye ng'ombe wa kuonekana, akataka kulia.

Simu ikalia. Siku hizo ilikuwa haisikiki ila kwa spika, kwa hiyo saiba nzima ilinyamaza kusikiliza. Upande wa pili ng'ombe aliroroma, kisha mzee akakohoa.

"Kijana."

"Mzee, habari ya asubuhi."

"Hii wingu yako ni kitu kizuri. Sasa naona. Hata inzi naona."

Kipkirui alimkonyezea Mastura jicho la ushindi.

"Hizi ni ng'ombe safi," mzee aliendelea. "Mtu amechunga hizi ng'ombe ni mtu wa maana."

"Tunajaribu, baba." Neno baba lilimponyoka kabla ya wakati wake, lakini mzee hakulikataa.

"Mtu wa maana sana," mzee alisisitiza. "Ukiona vile zimeshiba, unajua huyo mtu halali ovyo."

"Asante, baba."

Mteja mmoja kwenye kona alipiga makofi kimya kimya. Mastura mwenyewe alitabasamu, jambo lililotokea kwa nadra.

"Sasa niambie," mzee alisema. "Hii ya kwanza, nyekundu, iko na nyota kwa uso. Inaitwa nani?"

Kipkirui alitazama dari, kisha ukuta. Ukutani palikuwa na kalenda ya Saluni ya Malkia.

"Malkia," alisema.

Ng'ombe aliroroma tena upande wa pili.

"Sisi hapa kwangu tunamwita Jackie," mzee alisema. "Nimemkamua leo asubuhi."