Mjumbe na Jina la Tisa

"Baba, jina la tisa usilisome," mama mmoja aliniomba nyuma ya pazia la jukwaa, ameng'ang'ania mkono wangu. "Mwanangu hawajamtoa mgodini. Nani kawaambia amekufa?"

"Mama, huu ni mchezo tu."

"Basi kama ni mchezo, unashindwa nini kumruka?"

Niliuvuta mkono wangu, naye akarudi kukaa ukumbini. Katika igizo zima mimi nilikuwa mjumbe: naingia na kofia ya wachimbaji, nasoma majina kumi na moja ya waliofukiwa mwaka jana, natoka. Watu hao walikuwa wa kweli, na ndugu zao walikaa safu ya mbele.

Niliingia. Nikafungua karatasi ya majina. Kila jina nililotaja, mtu mmoja alisimama. Wakasimama wanane.

La tisa lilikuwa Tarumbeta, jina aliloitwa na wenzake kwa sababu ya kicheko chake. Mama yake alinitazama, ameshika kiti kwa mikono miwili kama abiria wa gari linaloserereka.

Nikaliruka. Nikasoma la kumi.

Baba mmoja akasimama. Nikasoma la mwisho, na bibi mmoja akainuka kwa fimbo yake. Sasa safu nzima ilikuwa imesimama isipokuwa yeye, katikati, kama mtu ambaye hakuwahi kuzaa.

Nilikunja karatasi, nikageuka nitoke.

"We mjumbe!" Sauti yake ilipasuka. "Na wangu je?"

Alikuwa ameshaanza kunyanyuka.