Jiko la Kifilimbi

Jiko lilipoanza kulia, Zefania aliweka chini kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, na kuinuka. Mlio ulitoka nyumbani kwake, ng'ambo tu ya barabara kutoka kilabuni.

"Nimemshika," aliwaambia walevi wenzake. "Njooni mwone mwanamke anavyounguza mkaa wangu."

Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu. Mwaka ule mashamba ya mkonge yalikuwa yanafungwa, na bei ya mkaa pale Same haishikiki. Hezroni, fundi bati wa sokoni, ndiye aliyemwita Zefania alipokuwa akipita na furushi lake la mitumba ya kuuza. "Shemeji, hili nimekuwekea wewe."

Lilikuwa jiko kama majiko mengine, ila pembeni lina kifilimbi cha bati. Sufuria ikikaa juu, kifilimbi kinaziba. Moto ukiwaka bure, linalia mpaka mtaa usikie.

Zefania alilinunua papo hapo. Mkewe, Wema, hakuteta. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka barazani, upande wa barabara. "Moshi usituue ndani," alisema.

Sasa walevi walimfuata Zefania, na majirani nao walikuwa wameshatoka. Wema ameketi kwenye kigoda, makaa mekundu kama pilipili, filimbi inalia.

"Mnaona?" Zefania alisema. "Moto wote huo wa nini?"

"Wa chakula cha mchana, Baba Raymond. Asubuhi uliniambia niwashe jiko, unaleta unga."

Watu walimtazama midomo, ina povu la pombe. Kisha wakaangua kicheko, hata wale aliokuwa akiwanunulia.

Tangu hapo, kila alipochelewa, jiko lilimwita. "Bwana, unatafutwa," walimwambia kilabuni. Zefania akaanza kupitia dukani kwanza, akinunua unga na dagaa kwa hasira, kama mtu anayelipa faini. Mwisho uzalendo ukamshinda. Alilibeba jiko likiwa bado na joto mpaka sokoni.

"Fundi, lichukue. Hata pesa yangu sidai."

Hezroni hakuacha kugonga bati.

"Haiwezekani, shemeji. Siku Wema anakuja kuniagiza nilitengeneze, alinionya kabisa: ukishamuuzia, asije akalirudisha."